Meli Yetu, Mapenzi Yao: Somo la Tabaka Kutoka Ziwa Tanganyika

Ndugu msomaji, naanza na aibu yangu mwenyewe, usije ukadhani makala haya yameandikwa na mtu anayehukumu wenzake.

Kidahwe, kama hupafahamu, ni njia panda. Ukitoka Kigoma mjini, kabla hujamaliza kilomita 30 za lami, unafika mahali barabara inapogawanyika: moja inakwenda Kasulu, nyingine inakwenda Uvinza. Mama yangu anauza mawese hapo, kwenye chupa za maji zilizotumika, kazipanga juu ya benchi. Mawese hayo yamenisomesha mpaka kidato cha sita. Chuoni nikapokelewa na bumu.

Likizo ya mwaka wa pili nilikuja Kigoma na rafiki yangu wa kike, mtoto wa Dar, mtoto wa geti kali kwelikweli. Alitaka kuliona ziwa. Tukaenda Ujiji, akapiga picha kwenye mnara wa Livingstone, tukala mgebuka wa kukaanga. Siku ya tatu akaniuliza, "Kwenu ni wapi hasa? Si unipeleke nikamsalimie mama?" Nikamjibu kwamba ni mbali, halafu barabara mbovu, mvua zimeiharibu. Barabara ya lami hiyo! Wakati nasema hivyo hiace ilikuwa inapita mbele yetu, konda anaita "Kidahwe! Kidahwe!" Mwenzangu hakujua kwamba jina lile ndilo la kwetu.

Muhula uliofuata, kwenye somo la filamu, tukaonyeshwa *The African Queen*, filamu ya mwaka 1951. Darasa lilicheka sana. Mimi nilicheka nusu, nikaishia njiani. Kwanza niligundua kwamba ile meli ya Wajerumani kwenye filamu asili yake ni meli yetu ya Kigoma. Pili niligundua kwamba lile jambo nililomfanyia mama yangu, filamu ile imewafanyia watu wa kando ya ziwa letu wote. Makala haya ni jaribio la kueleza mambo hayo mawili, na kukupa njia ya kuitazama filamu yoyote ya mapenzi ya maskini na tajiri bila kudanganywa na machozi yako.

Melodrama ni kitu gani?

Neno lenyewe limeunganishwa kutoka Kigiriki: wimbo na mchezo. Ilikuwa michezo ya jukwaani iliyochezwa huku muziki ukimwongoza mtazamaji alie wapi na aogope wapi. Ilishamiri Paris baada ya Mapinduzi ya Ufaransa. Tamthilia ya Pixérécourt iitwayo *Coelina*, ya mwaka 1800, mara nyingi ndiyo hutajwa kama mwanzo wake. Sinema ilipozaliwa ikairithi. Filamu za Kihindi tulizozitazama kwenye vibanda umiza ni melodrama. Filamu zetu za Bongo, zile za binti wa kijijini anayependwa na mtoto wa bosi, ni melodrama. Kwa hiyo usiikimbie kana kwamba ni kitu cha watu wa mbali. Umeinywa tangu utotoni.

Kazi ya melodrama ni kukifanya kitu kisichoonekana kionekane. Tabaka halina rangi wala harufu. Huwezi kulipiga picha. Kwa hiyo msanii analitafutia vitu: ngazi, geti, gauni, kijiko, namna ya kuitana. Anaweka wapenzi wawili, mmoja huku, mwingine kule, halafu anatuonyesha wanavyohangaika kuvuka.

Napendekeza maswali matatu ya kubeba kila unapotazama filamu ya aina hii. Nimeyachukua kivukoni, si kwenye vitabu: Nani anavuka? Nani analipa nauli? Nani hayupo kwenye picha?

Mfano wa Wafaransa

Tuanze mbali kidogo ili tuone maswali yanavyofanya kazi. Mwaka 1943, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, mwongozaji Claude Autant-Lara alitoa filamu iitwayo *Douce*. Hadithi ni ya Paris ya mwaka 1887, msimu wa Krismasi, Mnara wa Eiffel ukiwa bado unajengwa. Ndani ya jumba la kifahari anaishi bibi kizee mkali wa ukoo wa kikabaila, mwanawe aliyefiwa na mke, na mjukuu wake, binti aitwaye Douce. Wapo pia waajiriwa wawili: Irène, mwalimu wa binti, na Fabien, msimamizi wa mali. Waajiriwa hawa wawili wana mapenzi ya siri. Lakini baba wa Douce anamtaka Irène, na Douce mwenyewe anampenda Fabien.

Nani anavuka? Wote wanajaribu. Irène anaanza kuiona ngazi ya kupanda, Douce anaruka ukuta na kutoroka na Fabien. Nani analipa? Douce anakufa kwenye moto wa jumba la maonyesho, na bibi kizee anawafukuza waajiriwa kama mbwa waliolamba mchuzi. Jumba linabaki limesimama.

Swali la tatu ndilo tamu. Kuna sehemu bibi kizee anakwenda kugawa misaada kwa maskini na kuwatakia subira na kukubali hali yao. Fabien, akizungumza baadaye, anageuza dua ile: anasema watakiwe kinyume chake, watakiwe kukosa subira. Wakaguzi wa serikali ya wakati ule hawakuipenda kauli hiyo, wakaikata. Fikiria jambo hilo. Binti tajiri kutoroka na mtumishi, sawa. Binti kufa motoni, sawa. Ila maskini kuambiwa wasisubiri, mkasi! Hapo ndipo unapojua ni wapi hasa melodrama inauma. Wenye nguvu hawaogopi machozi. Wanaogopa pale machozi yanapogeuka kuwa hoja.

Meli ya Kigoma iliyokwenda Hollywood

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer cha Papenburg, Ujerumani, kilijenga meli, kikaifungua vipande vipande, kikaipakia kwenye masanduku kama 5,000. Masanduku yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapanda reli ya kati hadi Kigoma. Hapo mafundi wachache wa Kijerumani, mafundi wa Kihindi na vibarua wengi wa Kiafrika wakaiunga upya. Iliteremshwa ziwani Februari 1915, ikaitwa Graf von Götzen, kwa jina la gavana wa zamani wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imeshapamba moto.

Waingereza nao wakasafirisha boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini, zikaburutwa porini upande wa Kongo mpaka ziwani. Desemba 1915 waliiteka boti ya Wajerumani iitwayo Kingani. Februari 1916 wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuigusa. Julai 1916 Wajerumani wenyewe, wakijiandaa kuikimbia Kigoma, waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi, lakini kabla ya hapo waliipaka mashine zake mafuta mazito zisioze. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya: Liemba. Ndiyo hiyo hiyo unayoijua.

Mwandishi Mwingereza C. S. Forester alikichukua kisa hicho cha meli ya Kijerumani ziwani akaandika riwaya *The African Queen* mwaka 1935. Ziwa akalibuni, meli akaibadilisha jina. Mwaka 1951 John Huston akaitengenezea filamu, sehemu kubwa ikipigwa Kongo na Uganda. Humphrey Bogart alipata tuzo ya Oscar kwa filamu hiyo, na Katharine Hepburn aliyeigiza naye alikuja kuandika kitabu kizima kuhusu taabu za safari ile.

Hadithi ni hii. Rose ni dada wa mmisionari Mwingereza, mwanamke wa sala na adabu. Charlie Allnut ni fundi wa boti chakavu, mlevi wa jini, mchafu. Kwenye riwaya ni Mwingereza wa uswahilini kwao London. Kwenye filamu wamemfanya Mkanada ili Bogart asihangaike na lafudhi. Wajerumani wanachoma kijiji cha misheni, kaka wa Rose anakufa, naye hana pa kwenda ila kupanda boti ya Charlie. Mtoni, katikati ya maporomoko na ruba, wanapendana, wakipanga kuizamisha meli ya Wajerumani.

Chai, tumbo na jina

Tazama filamu inavyolifanya tabaka lionekane. Mwanzoni Charlie anakaribishwa chai mezani kwa mmisionari. Tumbo lake linaunguruma kwa sauti. Anajaribu kujieleza, tumbo linaunguruma tena. Mmisionari na dada yake wanaendelea na chai yao kana kwamba hawajasikia. Darasa letu lilivunjika mbavu hapo. Lakini hiyo ndiyo picha kamili ya tabaka: mwili wa maskini unamsaliti mbele ya wenye nacho, na adabu ya wenye nacho ndiyo inayomuumiza zaidi. Kama umewahi kualikwa kwa kina rafiki yako wa kishua, ukawekewa uma na kisu na wali, unajua ninachosema.

Kitu cha pili ni jina. Kwa muda mrefu Rose anamwita mwenzake "Bwana Allnut", hata wakiwa wamelowa wote wawili chini ya mvua moja. Asubuhi ya kwanza baada ya kupendana, anagundua kwamba hajui hata jina lake la kwanza. Anamwuliza. Sehemu ile ni ndogo lakini ina uzito kuliko mabusu yote. Siku zote alikuwa anaongea na cheo cha mtu, na cheo kile kilikuwa cha chini. Siku ile ndipo alipompata mtu mwenyewe.

Sisi tunaotumia Kiswahili tunalijua hili vizuri. Lugha yetu imejaa milango ya namna hiyo: shikamoo, mzee, bosi, mama fulani, dogo, dada wa kazi. Mara ngapi umeishi na dada wa kazi miaka mitatu bila kujua jina lake la ukoo?

Mto unarahisisha mambo

Hata hivyo, maswali yetu matatu yanaanza kuibana filamu. Nani anavuka? Rose anashuka kwenye boti chafu, Charlie anapanda kitabia, anaacha jini baada ya Rose kumwaga chupa zote mtoni. Vizuri. Lakini wamevuka nini hasa? Mtoni hakuna jamii. Hakuna mama mkwe, hakuna shangazi wa kuuliza "ni mtoto wa nani huyo?", hakuna mahari, hakuna kodi ya nyumba. Vita imefuta kila kitu kilichowatenga. Tabaka halijashindwa, limewekwa kando kwa muda, kama mzigo ulioachwa bandarini. Tunawaacha wakiogelea na kuimba, meli imezama. Hatuonyeshwi siku Rose anapomtambulisha Charlie kwa wajomba zake Uingereza. Hapo ndipo filamu ngumu ingeanza.

Nani analipa nauli? Anzia na kijiji kilichochomwa. Watu wanaswagwa, nyumba zinateketea, ili Rose apate sababu ya kupanda boti. Nani hayupo kwenye picha? Wao. Baada ya dakika zile za mwanzo hatuwaoni tena watu wa kijiji, wala hakuna anayewauliza wamefika wapi. Wanaobaki ni askari wanaofyatua risasi kutoka ngomeni. Filamu inayotufundisha kwamba fundi mchafu naye ni mtu mwenye jina, haina nafasi ya jina hata moja la watu wenye mto.

Na historia yenyewe ilikuwa imejaa watu hao. Waliobeba masanduku, waliokata njia ili Mimi na Toutou zipite. Wazee wetu wa Buha, kwa miaka mingi ya ukoloni, walikwenda kuwa manamba kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Walijulikana kwa namba. Jina la kazi ile ndilo hilo. Kwa hiyo kuachwa nje ya picha si jambo geni kwetu.

Liemba yenyewe inaeleza zaidi kuliko filamu. Ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu. Kiswahili chetu kina neno hilo moja kwa vitu viwili: kinachotenga abiria na kinachounganisha kingo mbili za mto. Abiria wa madaraja yote walifika Kigoma saa ile ile, lakini mmoja alikuwa amelala kitandani na mwingine ameegemea gunia la dagaa. Na Mei 2015 meli hiyo hiyo ilikuwa inawatoa wakimbizi wa Burundi kule Kagunga kuwaleta Kigoma. Kutoka mjini walipelekwa kambi ya Nyarugusu kwa mabasi, na mabasi yalipita kwetu Kidahwe. Nilikuwa darasa la tano. Mama aliacha benchi lake akasogea barabarani kutazama. Ile ndiyo filamu ya Liemba ninayoikumbuka mimi, na haina mapenzi ndani yake zaidi ya yale ya mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto dirishani.

Tulipojisimulia wenyewe

Usije ukasema basi filamu za mapenzi na tabaka ni uongo wote. Chukua *Vuta N'kuvute*. Adam Shafi aliiandika riwaya, ikatoka mwaka 1999. Amil Shivji akaifanya filamu, ikaonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka kushindania Oscar, mara ya pili tu katika historia yetu baada ya *Maangamizi*.

Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kupita kiasi. Anatoroka. Ndugu zake wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, ambaye mali yake kubwa ni moyo wake. Huko Yasmin anakutana na Denge, kijana anayepigana na utawala wa Mwingereza.

Nani anavuka? Yasmin, kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine, kwa miguu yake mwenyewe. Nani analipa? Wao wenyewe: yeye anapoteza ukoo, Denge anawindwa na polisi. Nani hayupo? Hapa ndipo tofauti inapoonekana. Mwajuma yupo. Jirani wapo. Wale wanaosema ni aibu wapo, tunawasikia sauti. Hakuna mto wa kuwatorosha wapenzi kutoka kwa jamii, na ukoloni haujafichwa nyuma ya mandhari. Ndio unaogawa mji ili Mhindi akae huku na Mswahili kule. Mapenzi peke yake hayatoshi kuvunja ukuta huo, na hadithi haitudanganyi kwamba yanatosha. Kichwa chenyewe kinasema: huyu avute, yule avute.

Wahenga walisema mapenzi hayana macho. Labda. Lakini wazazi wanayo, mabosi wanayo, na wenye mapenzi wenyewe wanayo, tena makali.

Sisi hapa chuoni

Hosteli zetu ni kama ile boti. Mtoto wa kishua na mtoto wa muuza mawese wanalala kitanda cha juu na cha chini, wanapanga foleni moja ya bafu, wanakula chipsi sahani moja. Kwa miaka mitatu tunaamini tabaka limekwisha. Kisha bumu linachelewa: mmoja anapiga simu nyumbani, mwingine anakunywa uji asubuhi na jioni na kusema anafunga. Mahafali yakikaribia, mto unaingia ziwani, na kila mtu anaulizwa ni wa meli gani. Ndiyo maana mahusiano mengi ya chuo hufa wiki ya mahafali. Watu husema walichokana. Mara nyingi walikuwa hawajawahi kuonana, maana hakuna aliyemwonyesha mwenzake kwao.

Mwezi uliopita nilimweleza rafiki yangu ukweli kuhusu Kidahwe. Nilidhani atanihurumia. Alikasirika. "Hukumficha mama yako tu," alisema. "Ulinifanya mimi mtu wa dharau kabla sijafanya lolote." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemkata mama yangu kwenye picha kwa mkasi wangu mwenyewe, na nikamtungia mwenzangu nafasi ya bibi kizee wa *Douce* bila kumwuliza kama anaitaka.

Siku ile ya likizo nilipofika nyumbani peke yangu usiku, mama aliniuliza jambo moja tu: "Mgeni wako mbona hukumleta?" Alikuwa amefunga kuku mguu tangu asubuhi. Nilimwambia mgeni alikuwa na haraka. Rafiki yangu nimeshamwambia ukweli. Mama bado sijamwambia. Hiyo ndiyo kazi yangu ya likizo hii.

Maswali ya kujadili

1. Chagua filamu moja ya Bongo yenye mapenzi ya maskini na tajiri. Nani anavuka, nani analipa nauli, nani hayupo kwenye picha?
2. Mwisho wa filamu hiyo, je, tabaka limeshindwa, au maskini amegundulika kuwa kumbe alikuwa mtoto wa tajiri aliyepotea? Mwisho wa namna hiyo unamwambia nini mtazamaji ambaye baba yake ni maskini kweli?
3. Andika ukurasa mmoja wa *The African Queen* kwa macho ya mtu mmoja wa kile kijiji kilichochomwa. Mpe jina.
4. Hili usilijibu darasani: kuna mtu wa kwenu uliyemkata kwenye picha?